Nyuki wa Mzee Matini

Harufu ya nta inayoyeyuka haijanitoka hadi leo. Ikinipata sokoni narudi Kisarawe, enzi za Mwingereza, mwaka ule mvua za vuli na za masika zote zilipotukimbia. Muhogo ulinyauka shambani, kisima kikabaki tope, na mdogo wangu Hamisi, aliyekuwa bado ananyonya, akaanza kulia kwa sauti ya chini kama mtu mzima anayelalamika peke yake. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka. Kilichotuweka hai ni mizinga minane ya nyuki ambayo baba aliitunza kwa ubia na jirani yetu, Mzee Matini. Asali kidogo tulimlambisha Hamisi, na nta baba aliipeleka dukani akarudi na unga.

Mzee Matini alikuwa Mzungu, lakini Mzungu gani yule: hana gari, hana mpishi, na viatu vyake vimechakaa kuliko vya baba. Alikuwa seremala. Watu walimtania kwamba Waingereza wenzake wamemtupa, naye alikasirika akiitwa Mwingereza, akakasirika zaidi akiitwa Mhispania. Alisema yeye ni Mbaski, wa milima iliyo kati ya Uhispania na Ufaransa, na kwamba watu wake waliishi pale kabla nchi hizo hazijapata majina. Walitoka wapi, hata wao hawajui, na lugha yao haina ndugu duniani. Kwao nyumba ndiyo humpa mtu jina. Yake iliitwa Iturralde, maana yake kando ya chemchemi. Nyumba haigawanywi, hurithiwa nzima na mtoto mmoja, awe wa kiume au wa kike, na wengine huenda kutafuta maisha kwingine. Kwao alirithi dada yake. Shangazi yangu aliposikia hayo alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akauliza huko ni mbali kiasi gani. Vita vya Uhispania vilipofika kwao, ndege ziliichoma nyumba ile na dada yake akiwa ndani. Hilo Mzee Matini alilisema mara moja tu.

Katikati ya ukame ule kifua kilimbana akashindwa kuinuka. Mama alinituma kumpelekea uji mwepesi, na ndipo aliponieleza desturi ya kwao. Mwenye nyumba akifa, mtu wa nyumba ile huenda kwenye mizinga, akaigonga mmoja mmoja, akawapa nyuki habari. Nyuki ni watu wa nyumbani. Wasipoambiwa, hufa au huhama. Yeye hakuwa na mtu wa nyumba yake popote chini ya jua. Alinishika mkono kwa vidole vikavu, akaniuliza kama nitawaambia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikakubali. Akanifundisha: *Etxeko jauna hil da*. Mwenye nyumba amekufa.

Baba alinisikia nikiyarudia maneno hayo jikoni. Hakuwa mkali, ila njaa ilikuwa imemtia hofu ya kila kitu, na aliogopa kumkosea Mungu wakati tunamhitaji kuliko siku zote. Alinikataza nisiongee na wadudu kwa maneno nisiyojua yametoka wapi. Mzee Matini alifariki asubuhi moja, watu wa misheni wakaja kumchukua. Nilishika njia ya kwenda kwenye mizinga. Baba akaniita nirudi, nami nikarudi.

Siku chache baadaye nyuki waliondoka wote. Leo najua sababu: hapakuwa na ua hata moja porini, na nyuki hukimbia ukame. Baba naye alijua, maana alifuga nyuki tangu ujana wake. Lakini alirudi na mzinga mtupu begani, akautua mbele ya mama, akaketi chini kabisa, kwenye vumbi. Hamisi alikuwa halii tena. Baba akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "yale maneno bado unayakumbuka?"

Tulikwenda sote wawili, na ule mzinga mtupu tukaurudisha mahali pake. Niligonga na kusema, nikagonga na kusema, mizinga yote minane. Baba alisimama nyuma yangu, kofia mkononi. Kwenye ule wa mwisho aliweka sikio lake juu ya gogo, akasikiliza.

"Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena, na tena, mpaka sauti ikanikauka. Tulimzika Hamisi kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka.

Sasa naishi Tangini, Kibaha. Maji yapo bombani, na wajukuu wangu, namshukuru Mungu, wanasusa wali. Palipokuwa na mizinga yetu wamejenga watu. Mmoja wa wajukuu alinionyesha kwenye simu kwamba Wabaski bado wapo na watoto wao wanasoma kwa lugha ile. Nililia hata akaogopa. Baba aliishi kwangu mpaka uzee ukamchukua. Siku aliyofariki, kabla ya kupeleka habari kwa ndugu, nilitoka uani nikatazama kila upande. Hapakuwa na mzinga wala nyuki. Nikagonga mlango wa nyumba, nikasema yale maneno manne kwa sauti. Hakuna aliyeniita nirudi.