Kadi za Ijumaa

Wagonjwa walimwita Mashine, na jina hilo, kusema kweli, lilimpendeza. Alikuwa daktari pekee wa kituo kidogo cha afya chenye mlango wa bluu, benchi mbili nje, na watu wa kujaza benchi sita. Miaka kumi na minne hakukosa kufika kazini hata siku moja. Aliona watu sitini kwa siku, sabini siku zikichacha. Akifika nyumbani mumewe humuuliza kama amekula, naye hubaki anafikiri.

Mumewe, mwalimu mpole asiyependa kelele, alikuwa akimsihi mwaka mzima achukue likizo. Mara ya mwisho alimwambia waziwazi kwamba watoto wanalijua koti lake la kazi kuliko wanavyomjua yeye. Mashine akajibu kuwa akitoka wiki moja tu kituo kitakwama. Hakuwa anajisifu. Aliamini hivyo kabisa, na imani hiyo ilimchosha kuliko wagonjwa wenyewe.

Sasa, hakuna anayeona watu sabini kwa macho mawili bila kutafuta njia ya mkato. Yake ilikuwa kadi. Wagonjwa wa presha na sukari, ambao dawa zao hazibadilikibadiliki, kadi zao zilikaa kituoni ndani ya boksi. Kila Ijumaa mchana muuguzi mkuu alimwekea mezani kadi za wiki hiyo, naye, chai mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, akaandika kwenye kila moja: "Anaendelea vizuri. Dawa zilezile." Kadi arobaini, robo saa. Mfamasia akafunga dawa, watu wakachukua dirishani. Wakubwa walimsifu kikaoni kwa kupunguza foleni.

Jumanne moja akaingia bibi mwenye mfuko wa plastiki. Akakaa, akatoa pakiti za dawa moja moja na kuzipanga mezani.

"Nimerudisha za mzee wangu," alisema. "Hazijaguswa. Kuna watu wanazihitaji."

Mashine akauliza kwa nini mzee ameacha dawa. Alishajiandaa kugomba.

"Amefariki, mwezi wa nne huu. Nikija kuchukua zangu wananipa na zake. Nilisema mara ya kwanza, wakaniambia daktari ameandika. Nikanyamaza. Mimi ni nani?"

Hakuwa analalamika, na hilo ndilo lililomkata Mashine maini. Akaitafuta kadi ya mzee. Mistari mitatu ya mwisho, kwa mwandiko wake na sahihi yake, ilikuwa ya baada ya mazishi. Alijaribu kuikumbuka sura ya mzee, asiipate. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Ndipo akaivuta kadi ya bibi mwenyewe. Maneno yaleyale. Mara ya mwisho kupimwa ilikuwa mwaka jana. Akamfunga kipimo cha presha, akasoma mia tisini na tano kwa mia na kumi na tano. Akahamia mkono wa pili. Vilevile.

"Kichwa kinakuuma, bibi?"

"Tangu msiba. Nilidhani ni kulia."

Akamlaza, akabadilisha dawa, akakaa naye mpaka alipotulia. Nje watu walinung'unika wee, wakachoka. Kwa saa nzima Mashine hakuita mtu.

Baadaye akamwita muuguzi mkuu, akamsimulia yote. Muuguzi akasema kosa ni la dirishani, yaishe. Mashine akakataa. Akaagiza kila mwenye kadi kwenye boksi aitwe apimwe, na wakubwa wapelekewe habari leo hii.

"Halafu niandikie likizo, dada. Wakubwa wakileta mtu wa kunishikia, akifika tu naondoka."

"Wasipoleta? Foleni hii nani ataiona?"

"Sijui. Nimechoka, dada. Nimechoka mpaka ningemzika bibi wa watu kwa kalamu."

Muuguzi alivuta kiti cha wagonjwa, akakaa, akavua viatu. Kisha akachomoa fomu mbili za likizo, na ya kwanza akaijaza jina lake mwenyewe.