Kofia Niliyoifanya Dasta

Mwaka 1956 nilishinda zawadi ya ushoni. Jioni ile ile watu wakaniona jaani, napekua taka kwa mikono miwili huku nalia.

Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia humu. Mie simu siiwezi.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, shule ya wasichana hapa mjini. Mwalimu wetu, Bi Shemsa, alitaka mafundi wa mitaani waje kutufundisha. Basi kila Jumatano akaja Bi Mize wa Jang'ombe, fundi wa kofia za viua, zile za vitundu vya kushonwa kwa sindano. Macho yake yalishaingia ukungu, akishona kwa kupapasa.

Siku moja akanipa kofia aliyoianza zamani, kitambaa kimegeuka manjano.

"Nimalizie, mwanangu. Kipimo usikiguse."

"Naam, Bi Mize."

Naam ya mdomoni tu. Kofia ilikuwa ndogo, haiingii kichwa cha mwanamme yeyote, na mie zawadi ya maonyesho ya shule nikiitaka kufa na kupona. Nikajisemea, bibi haoni huyu, kakosea kukata.

Nikakata kitambaa kipya, nikashona nyengine kubwa kwa nakshi zile zile. Ya zamani nikaifanya dasta ya kufutia ubao. Ilipojaa chaki nikaitupa.

Siku ya maonyesho nikaitwa mbele, nikapigiwa makofi. Kichwa kikavimba.

Bi Mize akaomba kuishika kofia. Akaizungusha vidoleni, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Hii siyo. Yangu iko wapi?"

"Ilikuwa ndogo, Bi Mize. Nimeitupa."

Kisha akasema polepole:

"Nlimkatia mwanangu Ame, avae Idi. Surua ikamchukua kabla sijamaliza. Kila nikiishika mkono unakataa, na sasa macho yameniishia. Bi Shemsa aliponiita nikasema, ntakwenda, huenda wakanimalizia."

Siku zote tulidhani yeye ndiye aliyekuja kutusaidia sisi.

Nilikimbilia jaani. Gari la taka lilishapita; nikapekua yaliyobaki, kofia haimo.

Jumatano iliyofuata alikuja kama kawaida. Akakaa karibu yangu, akapapasa kitambaa changu, akasema, "Hapa umevuta uzi sana, mwanangu." Afadhali angenipiga.

Wewe unayesoma, ukipewa kazi na fundi na ukaona kama amekosea, muulize kwanza. Mimi sikumuuliza, na kofia ya Ame haikumalizwa mpaka mama yake anaingia kaburini.