Atomu ya Darasani na Atomu ya Tuisheni

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa na atomu mbili. Ya darasani ilikuwa gololi: ndogo, ngumu, haigawanyiki, kama alivyodai mwalimu mmoja wa Uingereza zamani hizo, na kabla yake Wagiriki waliowaza tu bila kupima chochote. Akifika hapo anafunga kitabu. "Mengine mbele ya safari," anasema. Mbele ya safari ilikuwa nyuma ya nyumba yake, kwenye banda la mabati, saa kumi jioni, kwa wenye hela ya tuisheni.

Ndiyo miaka ya ruksa hiyo, biashara zilipofunguliwa. Mtaa wetu wa Mwembesongo wote ulikuwa unauza: mitumba, sabuni, redio. Sawa, watu wauze. Mama yangu mwenyewe aliuza ndizi zilizoteremshwa kutoka milimani. Lakini hakuna siku aliyolipwa mkungu mzima akampa mteja nusu, kisha akamwambia nusu nyingine aifuate nyumbani kwa bei mpya. Jamani, kipindi kile mwalimu alishalipwa mshahara akifundishe!

Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ukatutaka tueleze jinsi mawazo kuhusu atomu yalivyobadilika. Nikaandika gololi yangu, nikaipamba, nikaweka kalamu chini. Mwalimu akasoma jibu langu mbele ya darasa huku akicheka. "Mwenzenu huyu amebaki karne iliyopita." Wa tuisheni wakacheka naye. Nani aliyeniacha huko? Nilitaka kwenda kidato cha tano, mchepuo wa sayansi, na bila kemia ningeishia kuusikia kwa watu.

Nilimweleza mama nikilia. Kesho yake, kipindi cha kemia ndiyo kwanza kimeanza, akatokea mlangoni na kanga zake za sokoni. Mwalimu, ambaye angeweza kuwa mwanawe, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mama akamtazama.

"Shikamoo, mama," akarudia, safari hii kwa sauti.

Hakuna marahaba. Kwetu, mtu mzima akikunyima marahaba mbele za watu, afadhali angekuzaba kibao.

"Hicho unachowafundisha wenzao huko kwako," mama akasema, "wafundishe na hawa. Nasubiri."

Mwalimu akageukia ubao. Akaanza. Kumbe kuna mtu aligundua chembe ndogo kuliko atomu yenyewe, elektroni, akasema atomu ni donge lililochomekwa chembe hizo, kama zabibu kavu kwenye keki. Mwanafunzi wake akarusha chembe nyingine kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Nyingi zikapita, chache zikarudi zilikotoka. Kwa hiyo katikati kuna kiini kidogo, kizito, na kwingine karibu kote ni patupu. Halafu akaja mwingine, naye alisoma kwa huyo wa dhahabu, akazipangia elektroni njia za kuzunguka kiini. Hao wawili wa mwisho waliwasahihisha walimu wao hadharani, na hakuna aliyechekwa mbele ya darasa!

Nilipomaliza kunakili mchoro wa mwisho, kengele ilikuwa bado. Nusu kipindi! Aibu yote ile, machozi yote yale, kwa kitu cha nusu kipindi! Ningekuwa na jiwe mkononi ningemrushia.

Nilimsindikiza mama hadi getini. Mimi nilikuwa natamba, yeye hatambi. Dada yangu mkubwa alisoma kwa mwalimu huyohuyo, akafeli kemia, na wakati huo alikuwa akipalilia miwa kwenye mashamba ya sukari. Mama akasimama, akakaza kanga kiunoni.

"Na dada yako," akaniuliza, "ni hayo machache aliyoyasema sasa hivi ndiyo yaliyomkosesha kidato cha tano?"

Nikamwambia ndiyo.