Vidonge vya Kila Jumatatu

Wifi yangu alikuwa msusi, na nasema alikuwa kwa sababu sasa hasuki. Mwenye saluni ni mimi. Alipoolewa na kaka yangu alinikuta na viti vitatu na kioo kimoja kilichopasuka pembeni. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki, naye ni mpole kupita kiasi, kwa hiyo tulielewana: nilimsema, akacheka, kazi ikaenda. Na kazi aliijua. Akigawa nywele kwa kitana, mistari ilinyooka kana kwamba ameipiga rula.

Kwetu msusi hukaa kwenye kiti, anayesukwa hukaa chini kwenye kigoda, katikati ya magoti yake. Ukisukwa kwa saa tano utachoka tu, utaegemea goti. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Soriasisi ilimwanzia wifi kwenye viwiko ikahamia magotini, mabaka mekundu yenye magamba meupe yanayopukutika kama pumba. Kila daktari alisema haiambukizi. Lakini mteja aliyeinua shavu akakuta ungaunga mweupe haendi kumuuliza daktari. Anaondoka na kichwa kilichosukwa nusu. Nikamhamishia uani, akawa anafua taulo. Tulikubaliana kwamba ngozi ikitulia atarudi kitini, na sijui kama alitaka kitu kingine duniani.

Hospitali walimpa vidonge vya manjano, vya mara moja kwa wiki, kila Jumatatu. Vilimtapisha mpaka Jumatano. Ukapita mwezi, ikapita sita, mabaka yakapanda mgongoni. Daktari wake wa kwanza, mtu wa haraka, akaandika kwenye faili: mgonjwa hafuati dawa. Kaka yangu aliposoma akanuna siku tatu. Mimi nikafanya baya zaidi. Kila Jumatatu nilimsimamisha mbele ya kioo, nikampa vidonge na maji, nikamwambia afungue kinywa na ainue ulimi, wateja wakitazama. Nilitania kwamba nimefungua chekechea. Watu walicheka, naye alicheka. Mabaka yalipozidi nikasema anakwenda kuvitapika chooni makusudi. Nilisema hivyo miezi kumi na minne, na niliamini kabisa.

Kisha akaja daktari mwingine, mwanamke kijana. Akamtoa damu, akaipeleka kwenye maabara ya mbali, na baada ya wiki tano akamwita. Nilimsindikiza mimi. Daktari alituchorea kwenye karatasi, akaeleza kwamba ndani ya vinasaba vyetu mna alama tunazozaliwa nazo, na ipo moja ambayo wenye nayo mara nyingi hupata nafuu kwa vidonge vile. Wifi hana. Akatahadharisha kwamba kipimo hakiapi, kinakadiria tu. Ila kwa alama hiyo kukosekana, na ngozi ilivyo baada ya miezi yote hiyo, ni heri aviache vidonge siku hiyohiyo, maana hata ini lilikuwa limeanza kuumia. Ipo sindano ambayo huwafaa zaidi watu wa aina yake. Hospitali ile hawana. Kwenye hospitali ya rufaa ipo, na wanaoisubiri ni wengi, huenda ikachukua miaka.

Nilidhani atalia. Yeye akauliza jambo moja tu.

"Daktari, kwenye faili wameandika sinywi dawa. Unaweza kufuta?"

"Siwezi kufuta alichoandika mwenzangu, mama. Naweza kuandika chini yake."

Akaandika kwamba mgonjwa alikunywa dawa zake zote na hazikumsaidia. Wifi aliinama akaisoma ile sentensi, akaomba aisome tena. Mimi nilikuwa natazama sakafu kwa aibu.

Tulipofika saluni niliwahi kuvuta kiti chake nikakirudisha mbele, karibu na mlango. Nikamwambia wateja wasiotaka waende zao, aanze na mimi. Nikakaa kwenye kigoda. Alishika kitana, akagawa mstari, halafu fungu la nywele likamponyoka. Akalishika, likamponyoka tena. Nikageuka nikaiangalia ile mikono. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba, na viwili vya mkono wa kulia havikunjiki kabisa. Ugonjwa ulishaingia kwenye viungo. Alikuwa ameniambia vidole vinamuuma, nikamjibu ni sabuni ya taulo.

"Nisamehe, wifi," nilisema.

Alikilaza kitana pajani.

"Nikusamehe nini? Mlivyokuwa mnasema wote, hata mimi nilianza kuamini. Nilikuwa nikiamka asubuhi naangalia shuka, labda nimevitema usingizini bila kujua."

Nilitamani anitukane, lakini wifi yangu hajui kutukana.