Wakwe Tuliowangoja

Nimehamahama miji mingi, lakini nikisikia mahali binti hajarudi nyumbani, mawazo yangu hurudi Nyakato.

Ilikuwa miaka ile ya uhaba, khanga na sabuni zikiletwa na wachuuzi wa magendo. Dada yangu wa miaka kumi na sita alikwenda kununua khanga kwa mmoja wao, asirudi. Baba hakwenda polisi. Kwetu msichana akipotea, watu walisema ametoroshwa na mchumba. Wazee wa kijana wangekuja kukiri na kuzungumza mahari. Basi tukakaa kungoja wakwe.

"Shemeji, tulia," baba mdogo alimwambia mama. "Wasichana wanatoroshwaga. Wewe mwenyewe nani alikuja kukuomba?"

"Mimi walikuja kusema kesho yake. Hawa wako wapi?"

Siku zilipozidi, mama alinichukua tukaenda Butiama, kwenye gulio alikouzia mchuuzi yule. Watu wakatupeleka kwa mama mmoja aliyekuwa anapepeta mtama. Naye alikuwa anangoja wakwe, tangu mavuno ya pamba. Binti yake alionekana mara ya mwisho akichagua khanga kwa mtu yule yule. Alisikia kwamba Bunda, anakokaa mchuuzi huyo, kuna nyumba nyingine inayongoja.

"Dada," mama alisema polepole, "nyumba tatu, na hakuna hata moja iliyoletewa mjumbe?"

Ungo ulimponyoka mwenzake.

Tulipowapelekea habari, sungusungu, walinzi wa jadi wa Bunda, walimkamata mchuuzi na kuchimba matuta ya viazi nyuma ya chumba alichopanga. Kila jembe lilipogota, mama alinibana mkono hadi ukafa ganzi. Walitolewa wasichana wawili. Mama wa Butiama alimtambua wake kwa nyuzi alizomsukia nywele mwenyewe. Dada yangu hakuwamo. Mchuuzi, akiwa amefungwa kamba, aliulizwa kama kuna shimo lingine. Alitazama matuta yaliyobaki.

Tulikuwa matangani Butiama baba mdogo alipofika na baiskeli, akitweta. Alieleza kwamba wazee wamekuja nyumbani kutoka Suguti. Dada yangu yuko kwao, mzima, ameolewa.

"Wanataka tuzungumze mahari," alisema. "Si nilikwambia, shemeji?"

Mama akamtazama mwenzake aliyelala kifudifudi mkekani, akashusha sauti.

"Waambie warudi kwao. Mimi nimefiwa."