Kipande cha Watu Wawili

Mume wangu na mdogo wake walifanya kazi mgodini kwa kipande kimoja. Kwa vijana wasiokijua, kipande kilikuwa kadi yenye vyumba thelathini, na kila siku uliyoshuka shimoni mnyapara alitia alama chumba kimoja. Kadi hiyo ilikuwa na jina la mume wangu, nami niliandikwa nyuma yake kama mke. Mwezi huu alishuka yeye, mdogo wake akabaki kupalilia pamba kwenye shamba letu, mwendo wa asubuhi moja kutoka mgodini. Mwezi uliofuata walibadilishana. Ndugu wengi waliotoka Shinyanga kuja upande ule wa Geita walifanya hivyo, na wanyapara walijua wakanyamaza. Kwao ilitosha kwamba mtu ameshuka.

Nayasema haya bila aibu. Wapo waliotuita wezi baadaye, na neno hilo silipendi mpaka leo.

Msimu mmoja wa palizi, katika miaka ya hamsini, zamu ilikuwa ya mdogo wake. Jiwe likamwangukia mguuni, akalazwa hospitali ya mgodi kwa jina la kaka yake. Siku chache baadaye maji yakajaa shimo lao. Wakubwa wakalifunga, na wote walioandikwa humo wakaambiwa wasubiri mpaka lifunguliwe jingine. Kwa kusubiri huko walipewa posho kila Jumamosi: unga, maharage na chumvi. Majeruhi nao walikuwa na posho yao, kubwa kidogo, yenye nyama. Foleni zilikuwa mbili na madirisha mawili. Mume wangu akapanga ya wasio na kazi, mimi nikapanga ya majeruhi kwa ajili ya shemeji yangu. Hatukuona kosa lolote. Watu walikuwa wawili, na matumbo yalikuwa mawili.

Jumamosi ya tatu karani alinizuia dirishani. Alikuwa kijana mpole wa Tabora, na mbele yake alikuwa ameweka karatasi mbili sambamba.

"Mama, namba hii iko huku na iko huku," alisema. "Mtu mmoja hapewi mara mbili. Ya jeraha inatangulia. Ya kusubiri inasimama mpaka daktari aseme amepona, ndipo ianze. Na mliyokwisha kuchukua itapunguzwa kidogo kidogo kwenye hii."

"Na asipopona?"

"Basi ile ya kusubiri inafutwa."

Alisema sawasawa, na hilo ndilo lililonikera. Kwa mtu mmoja, kanuni ile ilikuwa ya haki kabisa. Nilitaka kumwambia kwamba watu ni wawili, na neno lilikwisha kufika mdomoni. Lakini kufanya kazi kwa kipande cha mwenzako lilikuwa kosa la kufukuzwa, na asiye kwenye kitabu hakuwa na kitanda hospitalini. Wangemtoa mgonjwa siku ileile, na kidonda chake kilikuwa kimeshaanza kunuka. Nikasema nitamwuliza mwenyewe. Karani akaitikia, akidhani naelekea wodini.

Mwenyewe, mume wangu, nilimkuta shambani, ametangulia kurudi kutoka foleni yake, anakandika ukuta wa nyumba yetu. Nilimweleza yote. Akasikiliza bila kugeuka.

"Ya jeraha itangulie," akasema.

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia amekubali kuwa kiwete kwenye vitabu, na kwamba hakuna mgodi, kuanzia pale hadi Ushirombo, utakaomchukua mtu aliyeandikwa hivyo. Nilimwambia nina watoto wawili na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambacho hakifiki mwisho wa mwezi. Nilimwita mjinga, tena nikarudia.

"Ni mdogo wangu," akasema, akaendelea kukandika.

Alikwenda mgodi mwingine, mwendo wa saa mbili, akachukua kipande kipya kwa jina la mdogo wake. Jina lile halikuwa na jambo lolote kwenye vitabu, wala halikuwa na mke. Kwa hiyo nilipomfuata na watoto, ilinibidi kujitambulisha kwa majirani kuwa mke wa kaka yake, nimekuja kumpikia mpaka mume wangu apone. Mbele za watu nilimwita shemeji. Kila Jumamosi nilirudi mgodi wa kwanza, nikachukua posho iliyopunguzwa, nikampikia mgonjwa. Yeye alilia kila aliponiona. Alisema amekula jina la kaka yake. Nilimtuliza, ingawa moyoni nilikuwa nasema hivyohivyo.

Walimkata mguu, lakini kidonda hakikufunga. Mvua za pili ziliponyesha, akafa.

Ofisi iliniita mimi, mke aliyeandikwa. Karani yuleyule aliniuliza mume wangu alifariki asubuhi au mchana. Nikasema asubuhi. Akaandika taratibu, kisha akasema anataka shahidi mwanamume wa ukoo. Nikamwita mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Huyu ni nani wako?"

"Shemeji yangu."

Karani akampa mkono. "Pole kwa kufiwa na kaka," akasema.

Mume wangu akashukuru, akaweka dole gumba mahali alipoonyeshwa. Mgodi ukamzika mdogo wake kwa heshima, na kwenye kibao cha kaburi wakaandika jina la mume wangu. Alisimama mbele ya kibao kile muda mrefu, akilia. Nilijua anamlilia mdogo wake. Kama alijililia na yeye mwenyewe, hakuniambia, nami sikuthubutu kuuliza. Siku ile ndipo hasira yangu kwake ilipokwisha, na nilisikitika kwamba ilikuwa imekaa muda mrefu hivyo.

Baada ya mavuno tuliacha migodi, tukarudi kwao Ibadakuli, ambako kila mtu alimjua tangu utoto na kumwita kwa jina lake. Nilidhani yatakwisha. Asubuhi moja uji ulikuwa tayari, watoto wamekwenda kisimani, nyumbani tulikuwa wawili tu. Nikataka kumwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama nilivyozoea tangu mtoto huyo azaliwe. Mdomo ukasema shemeji.

Akaitika. Akaja, akanawa mikono, akakaa kunywa uji.