Breki na Baiskeli ya Watu Wawili

Madereva wenzake walimwita Breki, na jina hilo alilipata kwa haki. Zaidi ya miaka thelathini aliendesha lori la saruji bila kugonga hata kuku, na kila aliyewahi kupewa lifti alishuka akisema mguu wa yule bwana umegandishwa kwenye breki. Alikuwa na mabega mapana, sauti nzito na maneno mengi, na barabara kuu ya kaskazini aliijua kona kwa kona, shimo kwa shimo. Hata nyumbani alikuwa dereva. Yeye ndiye aliyeamua chakula kipakuliwe saa ngapi, redio ipunguzwe kiasi gani, na mlango ufungwe na nani.

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Mwanzoni alilaumu kioo cha lori, akakisugua mpaka kikang'aa. Baadaye akalaumu taa za magari yaliyokuja mbele yake. Siku aliyopishana na basi asilione kabisa mpaka lilipokuwa limeshapita, aliegesha pembeni, akazima injini, akampigia tajiri wake simu atume mtu mwingine aje kulichukua lori. Hospitali wakamwambia ni presha ya macho, na kwamba imeshakula sehemu kubwa. Kilichobaki kilikuwa mwanga tu. Alijua dirisha liko wapi, na mtu akipita mbele yake aliona kitu kama pazia linalotikisika, basi.

Mkewe alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: viti viwili, kioo kirefu, drayeri moja iliyonguruma kama mashine ya kusaga. Breki akawa anashinda hapo, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, uso ameukunja. Wateja waliozoea kupiga soga huku wakisukwa wakaanza kunong'ona, na wengine wakahamia saluni ya ng'ambo ya barabara. Mtu akimshika mkono kumsaidia, aliukung'uta. Akiachwa aende mwenyewe akajikwaa, alisema ameachwa kama mzigo uliodondoka njiani. Mkewe akawa hajui ashike wapi aache wapi.

Wateja hao hao ndio walioleta habari za njia ya changarawe. Nje ya mji palikuwa na reli ya zamani iliyong'olewa miaka mingi, likabaki tuta lake. Tuta hilo sasa lilikuwa limemwagiwa changarawe na kushindiliwa vizuri, na kwenye kila mlango wa kuingilia zilisimikwa nguzo za chuma ili gari wala pikipiki isipite. Njia ilikatiza mashambani, ikapita kandokando ya maziwa mawili, ikaishia kwenye ngome ya kale juu ya kilima. Watu walikwenda kule kuendesha baiskeli mwishoni mwa wiki, wakarudi wamejaa vumbi na wamejaa furaha.

Msusi alilisikia jambo hilo huku akisuka, akalinyamazia. Jioni yake alikwenda kwa mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma, wakazungumza kwa muda mrefu kwenye karakana. Fundi alitafuta baiskeli mbili kuukuu, akazikata, akaziunga, akapata moja ndefu yenye matandiko mawili na pedali za watu wawili. Siku ya kuileta aliisukuma mpaka mlangoni mwa saluni, akamshika shemeji yake mkono na kuuweka juu ya chuma.

Breki aliipapasa yote, kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, kama mtu anayekagua lori kabla ya safari. Alipofika kwenye usukani wa nyuma akasita.

"Huku breki ziko wapi?"

"Ziko mbele, shemeji."

"Na huu usukani unakata kona?"

"Wa mbele ndio unaokata. Huo wa nyuma ni wa kujishikia tu."

Hakuuliza nani atakaa mbele. Fundi, ambaye mdomo wake haukuwa na kifuniko, alisema kwamba hakuwahi kufikiri atamtengenezea Breki kiti kisicho na breki. Wanawake wawili waliokuwa wakisukwa walicheka. Breki alirudi kwenye kiti chake cha plastiki, akasema yeye si mtoto wa kubebwa.

Mambo yangeishia hapo kama mkewe angeifungia ile baiskeli stoo. Lakini hakuifungia. Kila jioni baada ya kufunga saluni aliitoa uani, mdogo wake akakaa nyuma, wakaanza kujifunza. Hakuwa amepanda baiskeli tangu usichana wake. Breki, akiwa ndani, alisikia ndoo zikipinduka, kamba ya nguo ikikatika, na mkewe akicheka. Alicheka mpaka akakosa pumzi, kicheko cha zamani, kile alichokuwa nacho kabla ya hospitali na dawa za matone na minong'ono. Breki alisikiliza kicheko hicho jioni kadhaa. Kilimfurahisha na kumuuma kwa pamoja, kwa sababu alitambua kwamba ndani ya nyumba ile yeye ndiye aliyekizima.

Jioni moja wakati wa kula akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba Jumamosi atapanda yeye. Shemeji yake ni mzito upande mmoja, ndiyo maana baiskeli inayumba. Mkewe alimwongezea mchuzi.

Jumamosi asubuhi fundi aliwapeleka kwa pikapu mpaka stesheni iliyokufa, jengo la mawe lisilo na paa, ambako njia ya changarawe ilianzia. Akawashusha, akawaambia atawapokea ngomeni mchana, akaondoka.

Walianza vibaya. Breki aliendesha kwa mdomo. Punguza. Kaa kushoto. Piga kengele. Kuna kona? Mbona hunyooshi mkono? Mkewe alimwambia hakuna gari, hakuna pikipiki, hakuna hata mbuzi, wako peke yao na njia imenyooka. Akasema ndivyo wanavyosema wote waliokwisha pata ajali. Kila alipohisi mteremko alikaza miguu pedali zisizunguke, baiskeli ikashtuka, na mara ya tatu wakaenda chini wote wawili, kwenye nyasi laini, hakuna aliyeumia.

Msusi alijikung'uta. Alisimamisha baiskeli, akamshika mumewe mkono, akamwinua. Kisha akazungumza kwa sauti ndogo.

"Baba watoto, miaka yote ile uliendesha lori, mimi nikalala usingizi. Sikuwahi kukufundisha kukata kona. Leo lala kidogo na wewe."

Breki alijipangusa nyasi magotini. Upepo ulikuwa unapita kwenye mahindi yaliyokauka, na mahali fulani maji yalikuwa yakitiririka chini ya daraja.  Mwishowe akauliza kama kazi ya utingo bado iko wazi.

Mkewe akasema iko wazi, ila utingo wa gari hili haongei ovyo, anagonga bodi tu.

Basi ikawa hivyo. Wakapanda tena, Breki akapiga tandiko la mbele kwa kiganja mara mbili, pa-pa, kama utingo anayempa dereva ruhusa ya kuondoka, na wakaondoka. Safari hii alizungusha pedali na kunyamaza. Alipoacha kuhangaika na usukani usio wake, masikio yakaanza kumletea vitu. Changarawe ilikuwa na sauti zake: palipo pakavu ilisagika, palipo na unyevu ikanyamaza, chini ya miti ikachanganyika na majani. Kivuli alikitambua kwa baridi mikononi. Ziwa alilinusa kabla mkewe hajalitaja.

"Kuna nini hapo kulia?" akauliza.

"Ziwa."

"Likoje?"

"Lina maji."

Breki akasema maelezo hayo yangemfaa mtu asiyewahi kunywa maji. Mkewe akacheka, akafikiri. Kuelezea vitu haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa vichwa vya watu. Akaanza kwa anachokijua. Akasema njia yao imepita katikati ya shamba kama mstari uliochanwa na kitana kipya, huku na huku majani yamelala. Matete ya kando ya ziwa ni nywele za mtu aliyetoka kuoga, zimeshikana kwa maji, na upepo unazichambua. Katikati ya ziwa kuna kisiwa kidogo chenye miti michache, kama kichwa cha mzee anayekataa kukubali kwamba ana upara.

"Kama nani?" Breki akauliza.

"Kama wewe."

Alicheka mpaka baiskeli ikapepesuka, na dereva akamwambia utingo atulie.

Kati ya ziwa la kwanza na la pili njia ilipanda kidogo, na hapo Breki akapiga bodi mara moja. Mkewe akasimama, akidhani amechoka. Nyuma ya mlima uliosimama kando ya njia, mbali, palisikika mngurumo. Malori. Barabara kuu ya kaskazini ilikuwa inapita upande wa pili. Breki aligeuza uso kule, akasikiliza lori moja likipanda, injini ikilalamika, kisha gia ikibadilishwa.

"Huyo amechelewa kubadili," alisema.

 Msusi aliogopa kwamba sasa ndipo mawingu yatakaporudi, na asubuhi yote itaharibika. Breki alisimama pale mpaka lori lile lilipomaliza mlima. Machozi yalimlengalenga, na hakuyaficha. Kisha akasema kwamba mlima huu ameuzunguka maisha yake yote ya kazi akiwa na macho mawili mazima, na hakuna siku hata moja aliyojua kwamba nyuma yake kuna ziwa.

"Nilikuwa naangalia barabara tu," alisema. "Twende, mama. Niambie la pili likoje."

Ngomeni walifika wamelowa jasho. Palikuwa na kuta nene za mawe, lango lenye tao, na uwanja wa ndani wenye kisima cha kale. Kwenye kisima palikuwa na kibao. Breki alimuuliza mkewe kimeandikwa nini, naye akakisoma kimoyomoyo: Ni marufuku kugusa. Akamwambia kimeandikwa karibuni wageni.

Breki akanyoosha mikono yote miwili akaanza kugusa. Alikuwa ameshazunguka nusu ya kisima mlinzi alipotokea, mwanamke wa makamo aliyevaa sare iliyopauka, akauliza kwa ukali kama hawajui kusoma. Msusi akajibu kwamba mmoja wao anajua na mwingine haoni. Mlinzi akamtazama Breki, akaona vidole vinavyotembea polepole juu ya jiwe, na ukali ukamwisha. Akasema sheria ni ya wale wanaochonga majina yao, siyo ya huyu baba.

"Hapa pamelika," Breki alisema, kidole kikiwa ndani ya mfereji mwembamba kwenye ukingo. "Na hapa. Na hapa. Ni kamba. Watu walikuwa wanavuta ndoo zao, kila mtu na mahali pake."

Mlinzi alisogea, akafumba macho, akaweka kidole chake kwenye mfereji wa jirani. Walisimama hivyo wote wawili, huku msusi akifungua chupa ya chai na kuitafuta sukari kwenye mkoba. Mlinzi alikunywa nao. Alipojua wametoka stesheni kwa baiskeli, alitaka kuiona, akaizunguka, akauliza nani dereva.

"Huyu hapa," Breki akasema, akamwonyesha mkewe kwa kidevu, akakosea kidogo upande, kidevu kikaelekea kwenye kibao. Mlinzi akacheka kwa adabu.

Tangu hapo Jumamosi ikawa ya njia ya changarawe. Wateja wa saluni wamerudi, kwa sababu yule bwana wa mlangoni siku hizi anataka kusimuliwa kila kitu, nguo, harusi, majirani, na asiporidhika anadai maelezo zaidi. Juzi fundi aliomba akae nyuma mara moja tu, aonje kazi yake mwenyewe. Breki alimwambia nafasi imejaa, akapanda, akapiga tandiko mara mbili, na dereva akaondoka.